Kabla ya Jumatatu ya Mnada

Nimenunua daftari jeusi, kurasa mia,
na ukurasa wa kwanza nimeandika kikomo changu:
dola thelathini na nane elfu.
Nikapigia mstari. Nikapigia tena.
Ni shemeji yangu Marlys aliyeniagiza, yeye aliyewahi kuungua:
"Andika kabla damu haijachemka. Pale ukumbini
mkono hupanda wenyewe, kama wa mtoto darasani
aliyekumbuka jibu la swali la jana."

Asubuhi tatu, nikitoka zamu ya usiku hospitalini,
dawa bado inanukia viganjani,
nimeshuka masijala ya kaunti, chini kabisa, penye mabomba,
nikachambua majalada kama mtu achambuaye mchele:
hii chuya, hii punje, hili jiwe la kuvunja jino.
Rehani ya kwanza, mwaka wa tisini na nne.
Rehani ya pili, kwa ajili ya paa.
Kodi ya miaka miwili. Majitaka.
Nimejifunza kuwa liko deni linalokufa nyundo ikigonga,
na liko linaloamshwa na nyundo hiyohiyo,
likajinyoosha, likauliza mnunuzi mpya anaishi wapi.

Karani, Bi. Odile Prusak, haruhusiwi kushauri mtu.
Imeandikwa ukutani, nyuma ya kichwa chake.
Aliweka kidole kwenye mstari mmoja, akakohoa,
akaenda kuchemsha kahawa.

Mstari wenyewe: serikali, kodi ya mapato, dola elfu nne.
Nikaushusha kutoka kwenye kikomo.
Thelathini na nne.

Nyumba ya mnada haifunguliwi.
Unauziwa mbuzi kwenye gunia,
bahati yako ukimsikia anapumua.
Kwa hiyo nimeegesha gari ng'ambo ya barabara,
mlimani, juu ya mto Monongahela na kiwanda kilichozimwa,
nikahesabu vigae vilivyoinuka: kumi na saba.
Bomba la moshi limeinama kushoto.
Theluji ya paa la jirani imelala.
Ya paa hili imeyeyuka, maana yake
joto linatoroka, maana yake
kuna joto.

Hilo sikuliandika.

Jana taa ya barazani ikawaka
akatoka mzee na koti juu ya nguo za kulalia,
akavuka barabara polepole, akagonga kioo changu.
Jina lake nililijua kabla ya uso:
Emeric Hudak, mdaiwa, na marehemu mkewe, mdaiwa.
Nikashusha kioo. Baridi ikaingia kwanza.

"Wewe ni wa nne wiki hii," akasema,
bila hasira, kama anayehesabu mabasi.
"Wenzako hupiga picha wakaondoka.
Basi sikiliza. Bomba la jikoni, la ukuta wa kaskazini,
huganda Januari. Usiku acha maji yatiririke,
uzi mwembamba tu, kama wa kushonea kifungo.
Nimefanya hivyo miaka thelathini."
Akatazama daftari mapajani mwangu.
"Andika," akasema.

Niliandika. Ningefanya nini?

Hundi tatu za benki ziko tayari, kwa jina langu,
ndani ya bahasha, ndani ya begi, ndani ya kabati.
Asilimia kumi siku hiyohiyo, iliyobaki kwa siku thelathini.
Nimeshajua mlango gani wa mahakama, ghorofa ya ngapi,
nikae safu ya nyuma niwaone wanaonizidi bei.
Marlys ananiambia usiwe mjinga,
usipoinunua wewe itanunuliwa na kampuni
yenye sanduku la posta na isiyo na uso.
Ni kweli. Nimeigeuza kweli hiyo usiku kucha
na kila upande nimekuta ni kweli,
na bado sijalala.

Daftari liko wazi mezani.
Mia za dola upande mmoja, hesabu safi.
Upande wa pili, kwa mwandiko uliotetemeka kwa baridi:
*maji, usiku, uzi mwembamba.*
Sijui niyajumlishe wapi.
Sasa hivi anayafungulia, nadhani. Ni saa tano.