Dakika Arobaini

Viatu nimevificha nyuma ya mtungi wa matango ya siki,
maana Keso akiviona mlangoni ataamka,
sijui kwa pua, sijui kwa roho,
na akiamka, basi: uji, soksi ya kushoto, hadithi ya dubu,
na asubuhi yangu imekwenda.

Saa kumi na moja na nusu. Kutaisi bado inakoroma.
Mkono wa Gocha umeangukia upande wangu wa kitanda,
unapapasa joto nililoliacha.
Dakika arobaini tu, namwambia kimoyomoyo.

Lifti yetu hula sarafu na leo sina hata tetri tano,
kwa hiyo mbio zangu zinaanzia ghorofa ya sita,
ngazi kwa ngazi, nikipita harufu za milango ya watu:
kitunguu, dawa ya mende, mkate wa jana.

Chini, penye duka la dawa, ananingoja mbwa
mwenye hereni ya plastiki ya njano sikioni.
Hana mwenyewe. Mimi humwita Mhasibu,
kwa sababu hunisindikiza mpaka Daraja Jeupe,
hapo hukaa kitako, hupiga hesabu, huona hasara, hurudi.

Mwaka juzi mama mkwe, Mzevinar, akipasua kokwa za jozi,
aliniuliza bila kuinua macho:
"Kwani nani anakufukuza?"
Sikuwa na jibu.
Niliosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Kilomita ya kwanza nakimbia na orodha:
ada ya judo ya Vato, jino la Keso, bili ya gesi,
mteja wa benki aliyenirushia kalamu.
Ya pili, orodha inaanza kudondoka
kama vifungo vya shati kuukuu.
Ya tatu sina mume, sina mtoto, sina jina.
Nina miguu.
Rioni unapiga kelele kwenye mawe yake meupe,
maji ya theluji ya mbali, yana haraka kuliko mimi.
Zhuzhuna mwokaji amezama nusu mwili tanurini,
anabandika mikate ukutani; anatoka, uso mwekundu,
ananipungia ndoano yake ya chuma.

Kilomita ya nne, mbali kuliko siku zote,
simu inatetemeka kiunoni.
Gocha: *Keso ametapika. Shuka ziko wapi?*

Nikageuka.

Sijawahi kukimbia vile.
Hakuna aliyekuwepo na saa ya kupimia,
hakuna utepe, hakuna nishani,
ila Zhuzhuna, aliyenitupia mkate bila kuuliza pesa,
nami nikaukumbatia, ukiniunguza mbavu,
na Mhasibu, ambaye kwa mara ya kwanza
aliacha hesabu zake akatimka nami
mpaka mlango wa jengo.
Ghorofa sita. Tena kwa miguu.

Wanasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Zangu huishia kwenye beseni la shuka.

Mzevinar alishafika, kanga ya usingizi mabegani? Hapana,
koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kulalia,
anamfuta mtoto shingo.
Akanitazama: jasho, mkate, pumzi zinazogombana.
"Leo," akasema, "angalau unajua unakokimbilia."

Nikanyamaza. Sikumwambia
kwamba penye kona ya sinagogi la zamani
nilisimama.
Mtoto anatapika, mkate unaniunguza,
na mimi nikasimama, labda nusu dakika,
kutazama ukungu ukiuachia mto,
kwa sababu ulikuwa wangu na ulikuwa unaisha.

Keso, mweupe kama jibini, ameketi kibarazani mwa bafu.
Ameingiza mkono ndani ya kiatu changu.
"Kina moto," anasema.
"Kilikuwa wapi?"

Kesho nitavificha nyuma ya mashine ya kufulia.