Herufi A Zilipungua

Nahodha alikuja jioni, salfeti begani,
akamwaga jezi kumi na moja juu ya meza yangu ya kukatia.
"Fundi, bandua majina yetu mgongoni.
Jumapili tunacheza na Kiboriloni,
tunataka tuvae majina ya watu."
Watu gani?
Akatoa karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne,
imelowa jasho la mfukoni.

Nikasoma chini ya taa.
AIKANDE, anayesindikiza wajawazito hadi Mawenzi
usiku wa manane, tochi mkononi,
kanga ya akiba kiunoni.
MKWIZU, aliyezibua mtaro wa Njoro masika ya mwaka jana
bila kuitwa, bila buti.
ANAELI wa kivuko, anayesimamisha malori
kwa kijiti na kofia ya mwanawe
ili wa darasa la kwanza wavuke.
(Mwanawe angekuwa kidato cha pili sasa.)
BINTI SAIDI, anayewaosha marehemu wasio na ndugu.
Na wengine saba; mmoja simjui hata leo.

Herufi nilinunua stendi, za kubandika kwa pasi,
kisha nikazikazia kwa cherehani, maana gundi ya siku hizi
inaahidi kama mgombea.
Usiku wa pili A zikaniishia.
Majina ya Pasua yana ulafi wa A!
Mkwizu peke yake ndiye hakuniomba hata moja.
V zilikuwa tele, zimekaa kwenye pakiti zinanitazama,
nikazipindua miguu chini,
nikazifunga mshipi wa uzi mweupe katikati.
Kwa mbali huwezi kujua.
Kwa karibu utajua, lakini utanyamaza.

Jumapili vumbi lilitangulia kufika uwanjani.
Viti vya plastiki vilipangwa mbele, vya kanisani,
diwani upande huu, wenye majina upande ule.
Kiti cha Anaeli kilibaki kitupu:
lori halijui Jumapili, na watoto walikuwa wanatoka ibada.
Ila jina lake lilicheza beki ya kushoto
na upande huo hakupita mtu.

Walipita kulia. Mara tatu.

Sisi moja, kisha dakika za mwisho tukapewa penalti.
Tisa mgongoni, Aikande juu ya tisa,
kijana Tumsifu ndani yake, anatetemeka.
Mpira ukapaa juu ya mwamba,
ukaenda kulala kwenye migomba ya jirani.
Uwanja mzima ukapiga kelele:
"Aikande! Aikande umetuua!"
Mwenye jina akacheka hadi kanga ikamdondoka.
Halafu akaacha kucheka.

Baada ya filimbi alimfuata Tumsifu golini,
yule mtoto amejifunika uso kwa jezi.
Nilikuwa karibu, nimeshika sindano, kuna bega limechanika.
Nikamsikia akisema,
"Mimi pia niliwahi kuchelewa. Jumanne moja, mvua.
Mama na mtoto, wote wawili.
Kesho yake watu wakanigongea tena mlango.
Nikatafuta betri."
Hakuongeza neno. Alimpa maji.

Hotuba ya diwani sikuisikia, spika ilikoroma.
Jezi ziligawiwa kwa wenyewe zikiwa na jasho lake,
Mkwizu akaivaa palepale juu ya shati,
akaenda kusaidia kubeba viti.

Watu walipopungua, yule mwosha wafu
akanisogelea, jezi ameikunja kwa adabu
kama anavyokunja nguo ambazo hazina mtu wa kuzirudia.
"Fundi, umeshona vizuri. Ila Saidi ni baba yangu.
Mimi naitwa Zainati."
Miaka ishirini na tano mtaani,
na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nimerudi nayo nyumbani. Wembe huu hapa, nafumua polepole.
Hela ya uzi bado namdai nahodha.
Zainati: A mbili.
Moja naitoa kwa baba yake.
Ya pili,
imebaki V moja kwenye pakiti.