Fungua Uingie Ndani

Saa kumi na moja jioni, Dundee, ghorofa ya chini kabisa.
Giza la Desemba limeshakaa kitako juu ya mto.
Huko juu amebaki mgonjwa mmoja,
Bwana Lamond, fundi wa mapaa, hajala tangu jana.
Wanapiga simu: mpira namba nne uko wapi?
Uko kwangu.

Mweusi, mrefu kunishinda, una jicho nchani
na tumboni kijia kisichopitisha punje ya mtama.
Tangu asubuhi umeshuka makoo ya watu watatu.
Nimeuzamisha nikangoja viputo; havikuja.
Nimepitisha brashi, ikatoka na rangi ya chai.
Nikapitisha tena: chai ya kuongezwa maji.
Tena: maji.
Mashine ikaunywesha dawa, ikalia,
ikachapa kikaratasi: umefaulu.
Unang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Lakini mimi nimekulia kwenye chupa za chai za mama,
alizouzia stendi ya Muheza.
Nje maua mekundu, ndani usiulize.
Nilizisugua kwa mchanga na maganda ya mayai,
kisha nikatia pua.
Pua ndiyo iliyoamua.

Humu pua haiingii. Naingiza kamera nyembamba kama uzi
na kutazama kwenye kioo: ukuta, ukuta, ukuta,
halafu mkwaruzo, wembamba wa unywele,
na juu yake tone.
Lina weupe kidogo. Linatetemeka
kama mtu aliyekutwa chumbani kwa watu.

"Ni maji tu, Shekue," anasema Sista Fenella.
Ni maji tu. Maji yakilala hualika wageni,
wageni hujenga utando, na chini ya utando
dawa hubisha hodi asiitikiwe mtu.
Mwezi wa tatu wawili walipata homa moja
bila kujuana, wala kuishi mtaa mmoja.
Kilichowaunganisha kilikuwa kinang'aa hivi hivi.

"Sista, hautoki."
Kimya. Nasikia kalamu yake ikigonga meza.
"Basi nimwambie nini?"
"Mwambie aje kesho. Mwambie ni mimi."

Ameondoka, naambiwa, akitukana hadi kwenye lifti.
Sawa. Na apate supu ya moto huko aendako.
Nimeufungia mkwaruzo lebo nyekundu, uende kwa fundi.
Mingine mitatu iko sinkini, inaningoja,
na brashi mpya ina manyoya magumu.