Volti Kumi na Tatu

Duka la vifaa vya boti, Port Dover, Aprili,
ziwa bado lina meno ya barafu ukingoni.
Garnet Hesketh ameziweka mbili juu ya kaunta:
ya risasi, nyeusi, kilo ishirini na nane,
na ya lithiamu, kilo sita, uzito wa mtoto wa miezi mitatu.
"Chagua," anasema, na kwenda kujimiminia kahawa.

Mimi mtu wa Tabora. Maji mengi niliyoyajua utotoni
yalikuwa ya pipa, na pipa lilikuwa na zamu.
Sasa nina boti ya bati, futi kumi na sita,
niliyouziwa na mjane mmoja wa Simcoe
pamoja na makasia mawili na buibui wasio na idadi.

Napiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta:
kioo cha kuonea samaki, ampea mbili;
ramani ya satelaiti, moja na nusu;
redio ya kuitia msaada, moja ikiwa kimya,
na ikisema, Mungu aepushe, tano.
Saa kumi majini. Arobaini na tano.

Ya risasi ukiinywa kupita nusu unaiua,
kwa hiyo unanunua mia ili utumie hamsini.
Na injini ikiwashwa umeme unazama,
ramani inazimika, inarudi, inauliza lugha upya:
Kiingereza? Kifaransa? Kihispania?
Kila mara naisubiri iendelee.

Lakini risasi ina adabu moja: huaga.
Redio ya baba iliaga kwa siku tatu.
Msomaji wa habari alianza kukokota maneno,
akawa mzee, akawa mlevi, akawa mnong'ono,
nasi tukaanika betri juani pamoja na mbegu za maboga,
jioni tukapata dakika kumi za matangazo ya vifo.

Lithiamu haiagi.
Volti kumi na tatu asubuhi,
kumi na tatu mchana,
kumi na tatu kasoro kidogo ikiwa imebakiza kijiko.
Halafu mlinzi aliye ndani yake anakata.

Kaka yangu Mihayo. Kila Jumapili, simu kutoka Nzega.
Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri.
Na kazi? Nzuri. Na figo,
sikujua kuuliza figo.
Ndivyo lugha yetu ilivyofungwa nyaya: nzuri hutangulia
hata msibani. Nzuri, ila...
Naye hakunifikisha kwenye ila.

Garnet amerudi na jambo moja zaidi:
usiichaji kwenye baridi ya chini ya sifuri.
Itapokea, itaonekana imeshiba, kumbe inaumia ndani.
"Kama mimi Januari ya kwanza," namwambia.
Hacheki. Anaandika kwenye boksi kwa kalamu nene:
ILALE NDANI.

Nimechukua lithiamu. Dola mia nne na kumi na moja.
Mgongo wangu una miaka hamsini na nne, nao umepiga kura.
Nikaongeza na kipimo, kidogo kama saa ya mkononi,
kinachokaa kwenye waya na kuhesabu kila kinachotoka
bila kuijali sura ya volti.
Tunu ameuliza cha nini. Nimesema cha boti.

Usiku nampigia dada, Nyamizi.
Hujambo? Sijambo. Habari za huko? Nzuri.
Maji unakunywa vikombe vingapi?
Miguu, ukivua viatu, inaacha alama?
Usiku unaamka mara ngapi?
"We Kasanda, umekuwa daktari huko?"
Nijibu tu, namwambia. Kalamu ninayo,
na risiti ina nafasi bado pembeni, chini ya arobaini na tano.

Kimya. Nasikia mbwa wa jirani yake.

"Mara nne," anasema.

Naandika nne.