Baki Moja

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa
Mwalimu Odile Cyr avua viatu
alipime darasa kwa nyayo:
kumi na nane toka mlangoni hadi dirishani,
kumi na moja na kitu kwenda kabatini.
Hicho "kitu" anakiandika pia.
Nje, viazi vya kaskazini ya Maine vimemaliza maua,
majani yanaanza kulala.

Mwaka jana aliweka vituo vinane.
Vinane! Na yeye ana macho mawili.
Kufika Jumatano dadu zilikuwa ndani ya tangi la samaki,
Rémi amekalia mizani
ajue kama ni mzito kuliko kaka yake, ambaye hakuwepo,
na kengele ya kuhama ilipolia
miili ilihama,
akili zikabaki zilikotoka.

Basi mwaka huu sita.
Anakokota meza; meza inalia sakafuni
kama ndama aliyeachishwa ziwa.
Kituo cha vifungo akiweke wapi?
Si dirishani: malori ya viazi yakipita
hakuna mtoto wa darasa la kwanza atakayehesabu
ila magurudumu.
Ingawa, anawaza, magurudumu nayo ni hesabu.
Anakiweka dirishani.

Vifungo ni vya mama yake, kopo zima la biskuti,
vya matundu mawili, vya manne, kimoja cha koti la jeshi.
Vipangwe kwa rangi, kwa ukubwa, kwa utakavyo;
hapa hakuna kosa
ila kumeza.

Sarafu ni za kweli. Alijaribu za plastiki:
wana wa wakulima hawadanganyiki na pesa isiyolia.
Saa ya ukutani kaing'oa betri
ili saa tatu ifike mtoto anapotaka.
Dadu zimo ndani ya chupa: tikisa, soma, usifungue.
Vijiti kavifunga raba, kumi kumi,
na atakayetaka kuazima
afungue furushi mwenyewe,
aone deni linavyotawanyika mezani.

Mizani anaiacha mwisho.

Lucie Ouellette hakusema neno wiki tatu.
Wenzake walihama, yeye hapana:
kiazi upande huu, kokoto upande ule,
anaondoa moja, anatazama, anaondoa moja,
mpaka mkono wa mizani ukalala sawasawa
akasema, "Toa,"
si kwa mwalimu, kwa kiazi.
Kutoa ni moyo, tumeambiwa;
hatukuambiwa kutolewa ni nini.

Kisha shule ikafungwa watu wakavune,
siku za vumbi na mapipa,
na ilipofunguliwa kulikuwa na koti kwenye kulabu
na hakuna aliyekuja kulichukua.
Baba kafuata kazi kusini,
ndiyo yote waliyoyajua ofisini.
Kumi na tisa wakawa kumi na nane.
Usiku ule Odile alikaa na penseli akafuta vituo viwili:
watoto watatu kila meza, hakuna wa ziada.
Kwa mara ya kwanza hesabu ilikaa sawa
naye akaichukia.

Sasa orodha mpya iko mbele yake, wino bado mbichi:
Amédée, Joëlle, mapacha wa Thibeault,
mmoja ambaye jina lake itabidi aulize linatamkwaje.
Anahesabu kwa kidole. Anarudia kwa penseli.
Kumi na tisa.
Gawanya kwa sita: tatu, baki moja.

Angeweza kuongeza kituo. Angeweza kwenda kulalamika ofisini.
Anatoka koridoni, anarudi na kiti,
anakiweka kando ya mizani.
Kinayumba.
Anachana ubavu wa boksi la dadu,
anaukunja mara mbili, mara nne,
anausokomeza chini ya mguu mfupi,
kisha anakaa yeye mwenyewe, magoti kidevuni, aone.

Kinayumba bado, kidogo.