Mpangaji wa Runinga

Runinga ya mzee Balume haikupona.
Nilitoa kioo, nyaya, spika,
nikauza shaba kwa kilo pale Birere,
sanduku likabaki tupu mezani
mpaka Tantini alipohamia.

Ni mjusi kafiri. Alikuja na gunia la makala,
mkia nusu, macho kama shanga, hayafumbi,
na mwanangu Asifiwe akakataa katakata afukuzwe.
Wateja hucheka: "Fundi, leo kuna programu gani?"
Ile ile, nawaambia. Mama mmoja, ukuta, usiku.

Wiki hii tumbo limejaa.
Akipanda kwenye kioo kipya nilichombandikia
namulika kwa tochi ya simu, kidogo tu, nazima:
mawili, moja kushoto, jingine kulia,
meupe chini ya ngozi
kama punje za mahindi ndani ya karatasi ya mafuta.

Mama yangu kazalisha wanawake Himbi miaka thelathini.
Alipoingia dukani alikunja kitenge kisiguse kitu.
"Kafiri huyo mnamlisha, na mchele ulivyopanda bei?"
Hali mchele, Mama. Anakula panzi.
Akainama. Akatazama. Akanyamaza muda
unaotosha maji kuchemka.
"Yuko karibu huyu. Msimshike.
Na chokaa? Mmempa chokaa gani?"

Kumbe ganda la yai hukopwa mifupani mwa mama.
Basi Asifiwe anaponda maganda ya mayai ya kuku
juu ya jiwe jeusi, mpaka yawe laini kama poda,
anatia panzi mfukoni, anautikisa,
wanatoka weupe kama waoka mikate.
Juzi Tantini alikula watatu. Jana mmoja.
Leo hataki hata kuwaona.

Mchanga ndio uliotusumbua.
Mji huu ni jiwe lililomwagika likapoa;
choo tunachimba kwa nyundo na patasi,
mwenye mimba atapata wapi udongo laini?
Nilichekecha majivu ya mlima mara tatu,
nikayalowesha yashikane kiganjani bila kutoa tone,
nikayatia kwenye kopo la margarini,
pembeni, gizani.

Umeme ukikatika, baridi ya saa tisa usiku haina adabu.
Naamka, nachemsha maji, najaza chupa,
naiviringisha fulana yangu ya zamani,
naiegemeza mgongoni mwa runinga.
Kasoki hugeuka kitandani:
"Mimi hukunichemshia maji hata siku moja."
Ni kweli. Asifiwe alizaliwa
mimi niko Butembo natafuta vipuri.

Mama naye sasa hupita kila jioni.
Hasemi amefuata nini.
Jana, macho kwenye kopo, akaanza kusimulia ule usiku
moto uliposhuka na sote tukashika njia ya Sake:
msichana mmoja alikaa chini kando ya barabara, hakuweza tena,
magodoro yanapita vichwani mwa watu,
mbuzi, vyerehani, watoto wa wenyewe,
na Mama akamzungushia vitenge vitatu
vya wanawake asiowajua.
"Sikuwa na maji. Sikuwa na wembe.
Nilikuwa na neno tu: nyamazeni kidogo."
Na watu wakapita wakinong'ona.
Maelfu, wakinong'ona.

Leo Tantini amechimba.
Si sana, shimo la ukubwa wa kifungo cha shati,
majivu yametapakaa kwenye kioo
kama chaneli ya mbali wakati wa mvua.
Nimefunika kwa gazeti. Nimezima chuma cha kulehemu.
Nje chukudu inashuka na magunia, gurudumu linalia.
Mteja kasimama mlangoni, redio mkononi,
anafungua mdomo.

Asifiwe keshaweka kidole midomoni.