Mzigo wa Mraba

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi
Tuulikki wa posta hupanda ngazi za ghorofa nne,
theluji imemganda kwenye nyusi,
kwapani amebana mraba.
Hapigi hodi. Anajua sisikii hodi.
Anabonyeza kitufe, na taa ya ukumbini kwangu inakonyeza.

Nalipa euro thelathini na moja. Klabu iko Turku:
vijana watatu na ghala,
wananichagulia, nami siwajui,
muziki ambao sikuuomba.
Dada yangu Helvi anasema huo ni wazimu, kulipia mshangao.
Namwambia: na wewe uliolewa mara mbili.

Muziki ungoje kwanza. Nachana gundi kwa kisu cha siagi,
naingiza pua.
Miaka thelathini na miwili nilisimama ubavuni mwa mashine namba tatu
katika kiwanda cha kadibodi, Kemi,
na pua yangu haijastaafu.
Hili ni jalada la msonobari wa kaskazini,
mti uliokua bila haraka, nyuzi ndefu.
Hili la Februari ni takataka iliyopikwa upya,
magazeti ya juzi na wino uliokataa kufa.
Yale ya zamani, ya rafu ya chini,
mengine ni yetu, naweza kuapa.
Huenda yalipita mikononi mwangu hayajapata sura,
meupe, ya moto, mapana kama barabara,
kabla mtu yeyote hajajua yatambeba nani.

Mashine ilinilipa mshahara, kisha ikajilipa.
Ilianza na ndege wa mwezi Mei,
ikaja filimbi ya birika,
ikaja herufi moja midomoni mwa watu,
hata mume wangu Sulo akabaki Ulo,
na akafa akiwa Ulo.
Fidla ziliondoka zote siku moja
kama waombolezaji wakishashiba.
Besi zimebaki. Ngoma zimebaki.
Wanaume wa sauti nzito wanaojuta, hao nao wamebaki.

Mkusanyaji gani huyu, basi,
santuri mia sita na kumi na nne, sikio nusu?

Nashusha sindano kama unavyomlaza mtoto aliyegoma kulala.
Kiganja naweka juu ya rafu,
ubao niliong'oa kwenye mlango wa sauna ya baba,
na muziki unanipanda mkononi mpaka kiwiko.
Kiwiko hakijawahi kunidanganya.

Machi, Onni wa ghorofa ya pili,
miaka tisa, pengo mbele,
alikuja kurudisha koleo la theluji, akakuta santuri inazunguka.
Akakunja uso.
"Imeharibika. Kuna kitu kinakaangwa."
Wapi?
"Kote. Kama samaki wadogo kwenye mafuta."

Nilikaa chini.
Sikujua. Miaka yote hiyo sikujua.
Hata ile niliyookota mnadani, iliyochezewa na paka wa mtu,
kwangu ilikuwa safi kama ziwa
usiku wa kwanza wa barafu.
Wenye masikio mazima wananunua brashi, dawa, vitambaa,
wanawinda kwa fedha nyingi
ukimya niliopewa bure. Bure? Hapana.
Niliulipia, kwa zamu.

Sasa Onni huja Alhamisi hizo na soksi zake zenye unyevu.
Ananisimulia ya juu:
"Fidla. Moja. Hapana, mbili, zinagombana.
Mwanamke amevuta pumzi. Bado hajaimba. Bado."
Nami namwambia ya chini, nyayo anazozikosa.
Mara nyingine tunachanganyikiwa, wimbo unatuacha wote wawili,
tunakula mkate wa mdalasini.

Mwezi huu ulipofika mraba
aliniwahi. Akauchana kwa meno,
akatumbukiza uso mzima ndani ya jalada,
akakaa humo muda mrefu kama mpiga mbizi.
Alipotoka akasema, "Viatu."

Nikanusa.
Maboksi ya viatu, yaliyosagwa na kupikwa upya.
Nikampa aishushe sindano yeye.